Mwenye Kugawa Mafungu

Mkulima wa Poland akishavuna ngano yake na shayiri yake, mavuno yote huyaita zboże. Vuka mpaka wa kusini uingie Jamhuri ya Cheki, na neno lilelile limehama shambani likaingia dukani: zboží ni bidhaa, vitu vilivyopangwa rafuni na shehena iliyojaa kwenye lori. Mashariki mwa Ujerumani, kandokando ya mto Spree, wanaishi Wasorbi, Waslavi wachache waliosalia katikati ya Wajerumani, nao wana lugha mbili. Katika Kisorbi cha Juu zbožo ni bahati njema. Katika Kisorbi cha Chini zbóžo ni mifugo ya zizini.

Nafaka, bidhaa, bahati, mifugo. Ondoa kiambishi cha mwanzo, ondoa na mwisho wa neno, na kinachobaki katika yote manne ni kiini kimoja: bog. Hilo ndilo jina ambalo Waslavi wote, toka Prague hadi Vladivostok, humwitia Mungu. Si sadfa. Kabla halijawa jina la Mungu, neno hili lilikuwa jina la fungu, yaani sehemu anayopewa mtu katika mgao, na maana hiyo ya kwanza haijafa hata leo. Imejificha tu mahali ambapo hakuna anayesali: ghalani, dukani, zizini, na, kama tutakavyoona, makaburini.

Lugha walimoibuka Waslavi hakuna aliyeiandika. Wataalamu huiita Kislavi mame, na walioisema, mpaka kiasi cha karne ya 7 au ya 8 Baada ya Kristo, hawakuwa na herufi. Kila neno lake tunalipata kwa kurudi nyuma kutoka kwa watoto kwenda kwa mzazi. Njia ni ileile iliyotumika huku kwetu: ukiweka pamoja mtu wa Kiswahili, omuntu wa Kiganda na umuntu wa Kizulu, unaweza kukisia kwa ushahidi jinsi babu zao walivyolitamka, kama alivyofanya Mjerumani Carl Meinhof mwaka 1899 alipochapa kitabu chake juu ya sauti za Kibantu. Neno lililopatikana hivyo huwekewa nyota mbele, alama iliyoenezwa na August Schleicher katika kitabu chake cha mwaka 1861. Nyota hiyo humwambia msomaji kwamba hakuna jiwe wala ngozi lilipoandikwa neno hili, limejengwa upya.

Kwa neno letu ujenzi ni mwepesi. Warusi husema bog, Waukraini boh, Wapolandi bóg, Wacheki bůh, Wasorbi wa Juu bóh; Waslovenia, Waserbia, Wakroatia, Wamakedonia na Wabulgaria bog. Nyuma yao wote yuko *bogъ, herufi ile ya mwisho ikiwa irabu fupi mno, ndugu wa u, iliyokuja kufifia ikapotea. Anayeitwa kwa sauti aliitwa *bože, kwa kuwa g ikitangulia e iligeuka ž, sauti iliyo karibu na zh. Ndiyo ile ž ya zboże. Na wingi ulikuwapo: *bozi, miungu. Lazima tukumbuke kwamba wasemaji wa kwanza wa neno hili hawakuwa na Mungu mmoja wa misahafu.

Nje ya Waslavi, jamaa wa neno hili wametapakaa toka Ugiriki hadi jangwa la China, na wote wanazungumzia kugawa. Katika Kisanskriti, bhaga ni fungu, neema, sehemu njema. Tena Bhaga ni mmoja wa Aditya, wana wa mama Aditi, ambaye katika nyimbo za Rigveda huombwa awagawie watu mali. Kutokana naye ukapatikana wasifu wa bhagavant, mwenye fungu jema, ambao ndio unaofungua jina la kitabu cha Bhagavad Gita, na ndio Bhagwan wa Wahindi wa leo. Katika Kitokari, lugha iliyokufa ya oasisi za Kucha na Turfan, pāke ni sehemu. Wagiriki nao walikuwa na phagein, kula, na si vigumu kuona njia: aliyekula ametwaa fungu lake la nyama.

Lakini ni Waajemi waliofika mahali palepale walipofika Waslavi. Katika Kiajemi cha Kale baga si fungu tena, wala si mungu fulani mmoja. Ni mungu, yeyote. Mfalme Darius wa Kwanza alipochongesha ushindi wake mwambani kiasi cha mwaka 520 Kabla ya Kristo, hilo ndilo neno aliloandikia. Mwamba wenyewe, ulio magharibi mwa Iran karibu na Kermanshah, ulikuwa ukiitwa Bagastāna, mahali pa miungu. Wagiriki walilitamka Bagistanon, na leo ramani huandika Bisotun. Baga amefutika katika Kiajemi cha sasa, ambacho humwita Mungu Khuda, lakini bado yumo mle mwambani.

Msomaji wa Kiswahili ana haki ya kupumzika hapa, maana yeye pia ana hisa katika ukoo huu. Mzizi bag- wa lugha za Kiirani ulizaa baxta, kilichogawiwa. Katika Kiajemi cha Kati likawa baxt, majaliwa ya mtu, kile alichopangiwa. Waarabu wakalichukua wakasema bakht. Likafika pwani yetu, likaongezewa irabu kama yalivyoongezewa maneno mengi ya Kiarabu yenye konsonanti mbili zilizobanana, likawa bahati. Tawi jingine la mzizi uleule ni kitenzi cha Kiajemi bakhshidan, kutoa au kukirimu, na zawadi yake, bakhshish, ndiyo bakshishi anayopewa mhudumu. Kwa hiyo Msorbi anaposema zbožo na Mswahili anaposema bahati, hawatumii tu maneno mawili yenye maana moja. Wanatumia mzizi mmoja uliopita njia mbili tofauti kwa zaidi ya miaka 2000, mmoja ukizunguka kaskazini ya Bahari Nyeusi na mwingine ukishuka Ghuba hadi Bahari ya Hindi.

Majina ya watu yanasema hayohayo. Mwajemi wa kale aliweza kumwita mwanawe Bagadāta, aliyetolewa na mungu. Mtawala mmoja wa nchi ya Fars baada ya Aleksanda Mkuu alikuwa na jina hilo. Mslavi humwita mwanawe Bogdan, au Bohdan kwa Kiukraini. Gawa majina hayo mawili, baga na dāta, bog na dan, nayo yanalingana kipande kwa kipande, kwa sababu hata kile kitenzi cha kutoa ni kimoja. Wataalamu wengi wanaona jina la Baghdad pia limejengwa hivyo. Khalifa al-Mansur alipoanza kuujenga mji wake mwaka 762 aliuita Mji wa Amani, lakini watu wakabaki na jina la kijiji cha zamani, jina la Kiajemi lenye baga ndani yake.

Sasa, Waslavi walilipataje? Je, walilirithi kutoka kwa mababu waliokuwa wamoja na Wahindi na Wairani, au waliazima kutoka kwa jirani? Swali hili limewagawa wanaisimu kwa zaidi ya karne, na sioni haya kusema kwamba mimi niko upande wa ujirani. Niseme kwa nini.

Sababu ya kwanza ni jirani mwenyewe. Kwa karne nyingi nyika za kaskazini mwa Bahari Nyeusi zilikuwa za wafugaji wa farasi waliosema lugha za Kiirani: Waskithi, kisha Wasarmati, kisha Waalani. Waliacha alama zao katika mito. Don, Dnieper na Dniester yote ina ndani yake neno lao la mto, na Waoseti wa milima ya Kaukazi, ambao ni kizazi cha Waalani, mpaka leo maji huyaita don. Waslavi walikuwa pembezoni mwa nyika hizo, kwenye misitu ya kaskazini yake. Waliona wapanda farasi hawa, wakafanya nao biashara, wakawatii pale walipolazimika.

Ya pili ndiyo inayonishawishi zaidi. Watu wengi wa ukoo huu mkubwa wa lugha humwita mungu kwa neno litokanalo na mbingu inayong'aa: deus kwa Kilatini, deva kwa Kisanskriti. Walithuania, ambao lugha yao ndiyo jamaa wa karibu kabisa wa Kislavi, husema dievas. Ungetegemea Waslavi waseme vivyo hivyo. Hawasemi. Nao Wairani hawasemi: kwao, hasa baada ya mafundisho ya Zoroasta, daēva aligeuka shetani, na mahali pake akakaa baga. Kwa Waslavi div alibaki kiumbe cha kutisha. Katika utenzi wa kale wa Kirusi juu ya vita vya mwanamfalme Igor, Div hulia akiwa juu ya mti kuionya nchi isiyojulikana. Yule wa zamani kashushwa akawa zimwi, na mwenye kugawa kapandishwa akawa mungu, kwa Wairani na kwa Waslavi sawia. Jambo kama hilo likitokea kwa majirani wawili, huku ndugu wa damu wa mmoja wao akibaki na desturi ya zamani, ni vigumu kuamini kwamba kila mmoja alifika pale peke yake.

Ya tatu ni ya kifundi, nami nitaipita upesi. Miaka ya 1970 Mjerumani Werner Winter alionyesha kwamba katika lugha za Kibalti na Kislavi irabu iliyotangulia g, d au b za aina fulani ya kale ilirefuka. Kilatini kina e fupi katika edo, ninakula; Kislavi kina irabu ndefu mahali hapo. Kwa kanuni hiyo, neno lililorithiwa lingetoka na irabu ndefu, na leo Warusi wangesema bag. Wanasema bog, kwa irabu fupi, kana kwamba neno liliingia baada ya kanuni ile kukoma kufanya kazi. Si wote wanaoikubali hoja hiyo. Wapo wanaoona kwamba Waslavi walikuwa na neno lao la fungu tangu awali na wakaazima maana ya mungu tu.

Tena Waslavi hawakuwa peke yao kuazima. Wamordvini wa bonde la Volga, ambao lugha yao ni jamaa ya Kifini na haina undugu na Kirusi, humwita mungu paz katika tawi lao la Erzya, na kwa ndugu zao wa Moksha pavas ni heri na bahati. Neno ni lilelile la nyika, na limewafikia likiwa na maana zote mbili, mungu na fungu jema, kama lilivyowafikia Waslavi.

Ninapoandika haya namkumbuka Max Vasmer, aliyezaliwa St Petersburg mwaka 1886 na kutumia maisha yake kutafuta asili ya maneno ya Kirusi. Mwezi Januari 1944 bomu liliteketeza nyumba yake ya Berlin pamoja na maktaba na sehemu kubwa ya kazi aliyokuwa ameikusanya. Alianza upya, na kamusi yake ya asili ya maneno ya Kirusi ikatoka Heidelberg katika miaka ya 1950. Anayeandika leo juu ya neno lolote la Kislavi anaegemea ukakamavu wa mzee huyo.

Bogъ wa kale alikuwa wa namna gani? Waliotuachia habari ni wageni na maadui wa dini ile, basi tuwasome kwa tahadhari. Procopius, mwanahistoria wa Bizanti wa karne ya 6, anasema Waslavi walimtambua mungu mmoja, mtengeneza radi, kuwa bwana wa vyote, wakamchinjia ng'ombe. Anaongeza kwamba hawakuamini kabisa ajali iliyoandikwa: mtu akiona kifo kinamkaribia aliahidi kafara, akipona alitimiza, na aliamini kwamba ameununua uhai wake kwa kafara hiyo. Naona hapo dini ya watu wanaoamini kwamba fungu halijafungwa. Mgawaji yupo, na anasikia.

Kisha kuna kile kilima cha Kiev. Mwaka 980, kwa mujibu wa tarehe za kale za Rus, mwanamfalme Vladimir alisimamisha sanamu nje ya kasri lake: Perun wa mti mwenye kichwa cha fedha na masharubu ya dhahabu, Khors, Dazhbog, Stribog, Simargl na Mokosh. Majina mawili kati ya hayo yana bog ndani yake, na Dazhbog limejengwa kwa kitenzi cha kutoa katika hali ya kuamuru: Toa. Toa, ewe mungu. Au, kwa maana ya zamani zaidi, toa fungu. Miaka minane baadaye Vladimir alibatizwa, na Perun akafungwa mkiani mwa farasi, akaburutwa na kupigwa fimbo hadi mto Dnieper.

Shahidi wa tatu ni wa magharibi. Helmold, padri wa kijiji cha Bosau katika Holstein, aliandika miaka ya 1160 na mwanzoni mwa miaka ya 1170 juu ya Waslavi wa pwani ya Baltiki ambao walikuwa bado wapagani. Katika karamu zao, anasimulia, walipitisha bakuli mkono kwa mkono, wakitamka juu yake maneno kwa jina la mungu mwema na mungu mbaya, kwa imani kwamba heri yote hutoka kwa yule na shari yote kwa huyu. Yule mbaya, anasema Helmold, kwa lugha yao waliita Zcerneboch, mungu mweusi. Wengi wamejenga nadharia kubwa juu ya sentensi hiyo moja ya padri. Mimi natazama bakuli. Linapita, kila mmoja anapata funda lake, na swali lililo juu ya meza ni heri au shari itakayomwangukia nani. Hata kama Helmold alichanganya mambo mengine, hapo amelionyesha neno likiwa kazini.

Mwaka 863 ndugu wawili kutoka Thessaloniki, Konstantino na Methodio, walikwenda Moravia kwa mwaliko wa mwanamfalme Rastislav. Konstantino, ambaye tunamjua zaidi kwa jina la utawa la Kirilo, alikuwa ametunga herufi na kuanza kuitafsiri Injili. Maneno mengi ya Kigiriki aliyaacha kama yalivyo: malaika, mtume na Injili yenyewe viliingia Kislavi vikiwa na mavazi yao ya Kigiriki. Lakini kwa Mungu hakuleta Theos. Alichukua bogъ, neno la kafara ya ng'ombe na la bakuli linalopita, akalitia katika mstari wa kwanza wa Yohana. Huo ulikuwa uamuzi wa kijasiri na, naamini, wa upendo: aliwaambia watu wale kwamba yule waliyekuwa wakimwomba fungu wamjue sasa kwa ukamilifu wake. Wanakili wa baadaye walilifupisha neno hilo wakaweka mstari juu yake, heshima waliyoyapa majina matakatifu tu. Wingi wake, bozi, ukabaki wa sanamu.

Neno likapanda madhabahuni, lakini jamaa zake walibaki chini. *Bogatъ, mwenye fungu, ni tajiri: bogaty kwa Kirusi, bogaty kwa Kipolandi, bohatý kwa Kicheki, na hata Waromania, ambao si Waslavi, waliazima bogat. (Bogatyr, shujaa wa hadithi za Kirusi, hayumo katika ukoo huu, yeye ni mgeni kutoka lugha za Kituruki, ingawa sauti zinadanganya.) Na zboże lililotufungulia sura hii, wengi wanaona mwanzo wake ni su-, njema, kama subhaga ya Kisanskriti: fungu jema. Kwa mkulima fungu jema ni nafaka, kwa mchuuzi ni bidhaa, kwa mfugaji ni ng'ombe.

Upande wa pili wa mgao wako waliopata fungu la kukosa. Kulikuwa na *ubogъ, aliyenyimwa fungu, na *nebogъ, asiye na fungu. La pili limekwenda njia ya kuhuzunisha. Mnyonge, maskini wa kuhurumiwa, likawa hatimaye neno la marehemu: Mpolandi humtaja aliyefariki kuwa nieboszczyk, Mcheki nebožtík, na hakuna aulizaye kwa nini neno hilo lina Mungu ndani yake. Yumo kwa sababu aliyekufa ndiye asiye na sehemu tena katika kinachogawiwa.

Ubogъ ndiye ubogi wa Kirusi: fukara, kilema, mtu duni. Katika miji ya Urusi ya zamani palikuwa na mahali palipoitwa ubogi dom, nyumba ya mafukara, nje ya kuta. Hapo waliwekwa waliokufa bila jamaa, wageni, waliouawa njiani, waliozama, watu ambao kanisa halikuwazika kwa desturi ya kawaida. Maiti zililazwa katika shimo au banda kubwa, zikasubiri Semik, Alhamisi ya saba baada ya Pasaka. Siku hiyo watu wa mji walitoka na mapadri, wakileta majeneza, nguo na sanda, wakawavisha wasiowajua, wakawachimbia kaburi na kuwasomea dua, bila kujua jina la hata mmoja wao.

Mwingereza Giles Fletcher, aliyekuwa balozi Moscow mwaka 1588 na 1589, aliandika juu ya nyumba ya namna hiyo nje ya mji, ambamo maiti zilirundikwa wakati wa baridi ardhi ilipokuwa ngumu kuchimbwa. Jina alilolisikia lilikuwa jingine: nyumba ya Mungu. Hakusikia vibaya. Warusi walipaita mahali hapo kwa majina yote mawili, ubogi dom na bozhi dom, nyumba ya wasio na fungu na nyumba ya Mungu, na ukisikiliza kwa haraka ni vigumu kuyatenganisha. Sikio la watu lilikuwa limeshaanza kusikia ubogi kama u Boga, kwa Mungu, aliye kwa Mungu. Kwa mwanaisimu huo ni ukosefu wa usahihi, maana asili ya neno ni kinyume. Lakini waliobeba sanda zile siku ya Semik walikuwa wameamua lipi ni kweli kwao.

Mtaa mmoja wa Moscow ulirithi jina hilo, Bozhedomka, kutokana na makaburi ya mafukara yaliyokuwa hapo. Mwanzoni mwa karne ya 19 ilijengwa hospitali kwa ajili ya maskini, na mmoja wa madaktari alipewa makao humohumo. Mwanawe wa pili alizaliwa hapo mwaka 1821, akacheza bustanini kati ya wagonjwa wenye majoho ya hospitali. Alikuwa Fyodor Dostoevsky. Mtaa sasa unaitwa kwa jina lake, na ninapowasoma mafukara wa riwaya zake, waliodharauliwa na bado wakawa karibu na Mungu kuliko wengine wote, siwezi kusahau lilivyoitwa eneo alilojifunzia kutembea.

Matumizi mengine ya neno ni mepesi na ya kila siku. Waserbia, Wakroatia na Waslovenia Krismasi huiita Božić au Božič, mungu mdogo. Wabulgaria huagana kwa sbogom, uende na Mungu. Kadudu kale kekundu kenye madoa meusi, Warusi hukaita ng'ombe mdogo wa Mungu. Katika Bulgaria ya karne ya 10, enzi za mfalme Petro, padri mmoja aliyejulikana kwa jina la Bogomil, mpendwa wa Mungu, alianza kufundisha kwamba ulimwengu huu unaoonekana ni kazi ya yule mwovu. Wafuasi wake wakaitwa Wabogomili na wakapigwa vita kwa karne kadhaa.

Ahsante ya Warusi ni spasibo, na chanzo chake ni spasi bog, Mungu na akuokoe. G ya mwisho imemezwa na haraka ya shukrani. Baadhi ya Waumini wa Kale, waliojitenga na kanisa rasmi katika karne ya 17, hawalikubali neno hilo kwa sababu wanaona jina la Mungu limekatwa. Wao hushukuru kwa spasi Khristos, Kristo na akuokoe.

Neno lilipitia pia wakati ambapo dola nzima, ile ya Kisovieti, ilitaka lisahaulike. Kuanzia mwisho wa mwaka 1922 hadi 1941 lilichapwa gazeti la kupinga dini lililoitwa Bezbozhnik, asiye na Mungu, na hapakuwa na namna ya kuliita bila kuliandika neno lenyewe katika kila toleo. Katika vitabu vya Kisovieti Bog alinyang'anywa herufi kubwa. Mtu aliyekuwa akiandika barua nyumbani alichagua mwenyewe kama ataiandika b kubwa au ndogo, na wapo walioendelea na kubwa.

Matamshi hayakuguswa. Kwa kanuni ya Kirusi, g iliyo mwisho wa neno hutamkwa k: rog, pembe, ni rok, pirog, mkate wa kujazwa, ni pirok. Bog peke yake hakufuata. Hutamkwa bokh, kwa kh laini ya kooni, kwa sababu ndivyo makasisi walivyolisoma kanisani kwa karne nyingi, kwa lafudhi ya kusini iliyofika Moscow pamoja na walimu wa Kiev. Shule za Kisovieti zilizofundisha watoto kwamba hayupo ziliwafundisha pia, katika somo la matamshi sanifu, kumtaja bokh.